Uma Ndani ya Kikombe

Kila siku saa tisa alasiri, baada ya masomo, Kidoti alikuwa akifungua ukumbi ulio nyuma ya kanisa na kupanga mabenchi manne mbele ya dirisha. Wanakwaya wakishatulia, alitoa mfukoni chuma kidogo chenye meno mawili, akakigonga gotini na kukisogeza sikioni. Kilivuma sauti moja nyembamba, ileile siku zote. Watoto walikiita uma. Wimbo ulianzia kwenye sauti hiyo, ili wasianze juu mno wakakwama njiani.

Uma huo ulikuwa wa mwalimu wa kwaya. Mama yake mzazi alianguka bafuni akavunjika nyonga, na hapakuwa na ndugu mwingine wa kumuuguza. Siku ya kuondoka kwenda kumuuguza, mwalimu alimkabidhi Kidoti ufunguo wa ukumbi pamoja na uma. Kidoti alikuwa na miaka kumi na miwili, na siku hiyo alitembea hadi nyumbani ameshika mfuko wa sketi kwa mikono miwili.

"Imbeni ngazi ya sauti, toka ya chini hadi ya juu, mara kumi, kisha ubeti wa kwanza, polepole," mwalimu aliagiza. "Msikimbilie mbele. Na kila mara muanze na uma. Nitarudi kabla ya mashindano."

"Lini, mwalimu?"

"Mama akiweza kusimama."

Wiki ya kwanza waliimba vizuri. Wiki ya pili waliimba tu. Wiki ya nne mwalimu alikuwa hajarudi, na miayo ilikuwa mingi kuliko nyimbo. Mwenye maneno zaidi alikuwa Redio, binamu yake Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kujua anazimiwa wapi.

"Mwalimu ameingia mitini," alisema Redio. "Na sisi kazi yetu ni aaa, aaa, kama tuko kwa daktari wa meno. Tutengeneze kikombe cha ushindi. Tukiwa tunakiona, mori utapanda."

"Tumeambiwa tuimbe," Kidoti alisema.

"Tutaimba. Kwani kikombe kitatuziba midomo?"

Siku iliyofuata kila mmoja alikuja na chake: karatasi za dhahabu za chokoleti, vifungo vya shaba, hereni iliyopoteza mwenzake. Redio, ambaye baba yake alikuwa fundi wa dari, alileta kopo la plasta ya dari, unga mweupe unaokandwa kwa maji ukakauka kama jiwe. Kwa plasta walifinyanga bakuli na kitako cha kikombe, lakini vijiti vya kuviunganisha vilivunjika mara tatu. Kilitakiwa kitu cha chuma. Redio akautazama mfuko wa Kidoti.

"Huo ni wa sauti," Kidoti alisema.

"Sauti tumeshaikariri, dada. Wiki nne zote hizo?"

Kidoti alijua la kujibu, na lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini wenzake kumi na wanne walikuwa wanamtazama, na ilikuwa siku nyingi hajawaona wamechangamka hivyo. Akautoa. Uma ukazama kwenye plasta mbichi, ukakauka humo.

Ajabu ni kwamba wiki hiyohiyo, katika somo la dini, walikuwa wamesoma habari za ndama wa dhahabu. Waliwacheka sana wale watu wa jangwani walioshindwa kumngoja Musa ashuke mlimani, wakamtaka ndugu yake, Haruni, awatengenezee mungu wa kuabudu. Kidoti alipata alama zote kwenye mtihani.

Kikombe kiliwekwa mezani, mahali anaposimama mwalimu. Walikifuta vumbi na kukigeuzageuza. Waligombania atakayekibeba siku ya ushindi, mpaka wasichana wawili wakanuniana. Muda uliobaki waliimba, kila siku juu zaidi ya jana, bila mtu kugundua.

Mwalimu alirudi Jumanne ya wiki ya sita, siku nne kabla ya mashindano. Alikuwa amekonda, na begi lilikuwa bado mkononi. Akakitazama kikombe, akaketi, akaomba wimbo.

Walianza kwa kishindo. Kwenye mstari wa tatu wimbo ulipanda, sauti zikawapasuka, na mmoja baada ya mwingine wakanyamaza.

"Uma uko wapi?" mwalimu aliuliza.

"Sema umepotea," Redio alinong'ona nyuma ya Kidoti.

Kidoti alijibu: "Watu walichoka kungoja, mwalimu. Wakaleta karatasi, plasta nayo ikaletwa, na kikombe kikatokea."

"Kikatokea chenyewe?"

Mtu mmoja alicheka. Kidoti hakucheka, maana alikumbuka mtihani wake. Swali la tano: Haruni alijitetea vipi? Alisema aliitupa dhahabu motoni, akatoka ndama. Kidoti aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Hapana," alisema. "Uma niliutoa mimi. Ulinipa niutunze. Umo ndani ya kikombe."

"Basi utoe."

Wenzake waliguna, na Redio akafumba macho. Kidoti alikiinua kikombe na kukipiga kwenye ukingo wa benchi mara mbili. Vifungo vilitawanyika sakafuni. Aliuokota uma, akaukwangua plasta kwa kucha, akaugonga gotini. Ukavuma sauti ileile.

Mwalimu hakumkaripia. "Wale watu wa jangwani hawakuwa wajinga," alisema. "Walichoka. Aliyechoka kungoja hujitengenezea kitu cha kutazama, kisha kile kitu humsahaulisha alichokuwa anangojea. Uaminifu ni kufanya ulichoagizwa hata siku ambayo hakuna anayekuona, na hata siku usiyoona faida yake. Haya, simameni. Ngazi ya sauti, mara kumi."

Jumamosi walikuwa wa nne kati ya kwaya sita. Hawakupata kikombe, ila wimbo waliufikisha mwisho bila sauti kupasuka hata moja.

Jumatatu mwalimu alipita ukumbini akiwa na begi lake. Mama yake alikuwa bado hajaweza kutembea. Kidoti alimpa ufunguo na uma kabla hajaombwa.

Mwalimu alimrudishia vyote viwili. "Safari hii sijui kabisa nitarudi lini," alisema.

"Sawa, mwalimu," Kidoti alijibu. Akapanga mabenchi manne mbele ya dirisha, akaugonga uma gotini.