Mchi wa Kwihara

Du!

Mara moja tu, usiku, kisha kimya. Lukumani, aliyekuwa amelala ndani ya gari la sinema la serikali pale Kwihara, akainua kichwa. Du! Mchi ulikuwa ukitua kinuni.

Kazi yake ilikuwa kuzitafutia sauti filamu bubu za maisha ya kila siku: ndoo kisimani, jembe shambani, nyayo njiani. Filamu moja ilimwonyesha Bertila, mke wa Mayala, wa kijiji cha ujamaa upande wa Kigwa, akitwanga mtama, nayo ilikuwa haijapata sauti. Lukumani hakujiuliza nani anatwanga usiku katika magofu ya tembe la mababu zake. Aliwasha kinasa sauti.

Wiki iliyofuata alitundika shuka jeupe kijijini kwa akina Bertila. Sauti iliikaa picha sawasawa bila kukatwa popote.

"Bertila we!" shemeji yake akapiga kelele. "Nyumbani mvivu, kwenye shuka mashine!"

"Wewe wakikupiga picha unakula, filamu itaisha sahani bado!" Bertila akamjibu.

Watu wakacheka. Lukumani hakucheka. Sauti ilikuwa imeanza kutangulia: du kwanza, mikono ya pichani baadaye, kama inaburuzwa. Akazima mitambo. Picha ikafa. Mchi ukaendelea, kwa maana Bertila alikuwa ameinuka kimya, amekwenda kwake, anatwanga kinu kitupu.

Kulipokucha alikuwa bado anatwanga. Mayala na wanaume watatu walimshika wakashindwa kumbandua, na viganja vyake vilichunika mpaka mchi ukawa mwekundu, na harufu ya mtama uliooza ikatanda ua mzima ingawa kinuni hamkuwa na hata punje, na macho yake, yaliyo hai, yakawafuata mmoja mmoja yakiwaomba wamwokoe.

Mganga Luhende akamvuta Lukumani pembeni. "Sauti hii uliiokota wapi?"

"Kwihara. Kwenye tembe la babu zetu."

"Basi ni ya kwenu. Kamlete anayemjua mwenye sauti. Huyu dada hataliona jua likizama."

Alasiri Lukumani alirudi kutoka kwao Mtendeni na mama yake, Mwanamkuu.

"Shikamoo, mama," Luhende alinong'ona.

"Marahaba. Nimemsikia tangu njiani." Mwanamkuu hakumtazama mwanawe. "Huyu anayetwanga alikuwa mtumwa wa bibi yangu. Alifungwa mnyororo kinuni, awatwangie wapagazi. Msafara ukaondoka kwenda Ujiji, watu wote, na ufunguo wakaenda nao. Waliporudi walikuta mifupa imeshika mchi. Tukaapizwa jina lake tusilitamke, maana akiitwa huitika."

"Ndilo analolitaka," Luhende akasema. "Aitwe, aiache mikono ya watu."

"Aende wapi?"

Luhende akainamisha kichwa. "Kwa aliyemwita."

Du. Du. Bertila akapiga magoti, mikono ikabaki juu, ikipanda na kushuka, na damu ikamtoka puani.

"Mama, nitajie mimi hilo jina," Lukumani akasema. "Nimwite mimi."

"Wewe umeshampa mikono ya Bertila, mwanangu. Inatosha."

Mwanamkuu akavua viatu, akasogea mpaka kwenye kinu, akaweka kiganja juu ya vidole vya Bertila.

"Ngollo," akaita.

Mchi ukaanguka. Bertila akalala ubavuni, akavuta pumzi. Na ndani ya gari, katika kinasa sauti ambacho hakuna aliyekiwasha, mwanamke akaitika kwa adabu:

"Abee, bibi."