Digrii Thelathini za Baba Watoto

Mshonaji alikanyaga cherehani mpaka jasho likamtiririka. Alikuwa akimshonea mumewe shati la nne, la kitambaa chepesi, mikono mifupi. Matatu alishayatuma. Mume alikuwa ng'ambo, akifanya kazi ya kupakia mizigo. Huu mwaka wa pili. Mto wake bado uko kitandani, na mkewe haulalii.

Jirani yao, fundi wa friji, alikuja kuchukua suruali yake.

"Shemeji, shati la nani hilo?"

"La Baba watoto. Jana kasema huko aliko ni digrii thelathini. Na hapa redio ilisema thelathini! Nikamwambia, yaani tunaota jua moja." Alicheka, lakini machozi yakamlengalenga.

Fundi alikuna kichwa. "Huko alipo wanapima kwa Farenhaiti, shemeji. Sisi tunapima kwa Selsiasi. Hebu nipe utepe wako wa kupimia. Upande huu inchi, huu sentimita. Kiuno ni kilekile, namba mbili. Joto nalo ni hivyo hivyo. Ila vipimo vya joto havianzii pamoja. Maji yakianza kuganda, kwetu ni sifuri. Kwao ni thelathini na mbili."

"Kwa hiyo thelathini yake..."

"Ni baridi ya barafu."

Mshonaji alilitazama lile shati. Moyo ulimuuma.

"Nifundishe kuhesabu," alisema.

Fundi akachukua chaki ya mshonaji ya kukatia nguo. "Chukua namba yao. Toa thelathini na mbili. Zidisha kwa tano. Gawanya kwa tisa. Basi."

Jioni simu ililia.

"Baba watoto, yale mashati unayavaaje?"

"Yote matatu kwa pamoja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulifurahi sana kwamba tunaota jua moja. Na mimi nilikuwa nalitaka hilo jua."

Kesho yake mshonaji alikata koti zito, akaweka bitana ya blanketi. Utepe hakuugusa. Mabega yale aliyajua kwa mikono yake.

Mwezi uliofuata ujumbe ulifika: "Koti nimelipata. Leo joto limepanda, digrii hamsini!"

Mshonaji akashika chaki. Hamsini toa thelathini na mbili, kumi na nane. Mara tano, tisini. Gawanya kwa tisa, kumi.

Akamwandikia: "Kumi tu hiyo. Usinidanganye tena. Funga vifungo vyote. Ukirudi, nitavifungua mwenyewe."