Noi Anakwenda kwa Bibi wa Lamphun

Katika soko la Jinghong, mji wa kusini mwa China, samaki wa Bibi Yu Kanla huisha kabla jua halijawa kali. Huwapasua, huwajaza mchaichai na pilipili, huwabana kwa vijiti vya mwanzi, kisha huwachoma taratibu. Asubuhi ile alikuwa akiwageuza wa mwisho. Mjukuu wake Noi, mtoto wa miaka mitano, alikaa pembeni kwenye kigoda akila wali wa kunata kwa vidole.

"Bibi, nikienda kwa bibi mwingine, nitapanda ndege?"

"Bibi mwingine yupi tena? Bibi si huyu hapa?"

"Bibi wa kwenye simu."

Yu Kanla alijua anasemwa nani. Bibi wa kwenye simu alikuwa Bunpan, mama wa mkwewe Saengduan. Saengduan ni Mthai. Alizaliwa Lamphun, kaskazini mwa Thailand, akaja Jinghong kufanya kazi hotelini. Hapo ndipo alipokutana na Ai Han, mtoto wa pekee wa Yu Kanla, wakaoana. Noi alizaliwa hapahapa, katika hospitali ya mji. Bunpan hakuwahi kumshika mjukuu wake hata siku moja. Miguu ilikuwa ikimsumbua, hakuweza kusafiri.

Jioni, walipokaa kula, Saengduan alianza taratibu.

"Mama, mwaka huu tunataka kumpeleka Noi kwetu, kwa sikukuu ya maji. Mama yangu anamuulizia kila siku."

"Sikukuu ya maji?" Yu Kanla akaweka bakuli chini. "Kwani hapa hatuna maji? Hapa watu hawamwagiani mpaka wakaloa chupi?"

Ai Han alicheka, lakini aliona mama yake hacheki, naye akaacha.

"Mambo yote tayari, Mama," alisema. "Noi ana pasipoti yake."

"Pasipoti gani?"

"Ya Thailand," Saengduan akajibu. "Kwa sheria ya kwetu, mtoto wa Mthai ni Mthai tangu kuzaliwa. Tulikwenda Kunming, kwenye ubalozi wetu mdogo, wakamwandikisha."

Yu Kanla alihisi kama mtu amemvuta mkeka aliokalia. Hakuambiwa. Mjukuu wake ana pasipoti ya nchi nyingine, naye hana habari!

"Kwa hiyo mmemtoa," alisema. "Leo pasipoti, kesho mtalifuta jina lake kwenye kitabu cha kaya tulimoandikwa sote, keshokutwa mtoto haji tena. Mimi nibaki naongea na simu, kama yule mama yako."

"Mama, hakuna anayefuta jina lolote!"

"Kitabu cha kaya ninacho mimi. Kiko kabatini, na ufunguo uko kiunoni mwangu. Atakayekitaka, na anifunge kamba kwanza!"

Saengduan aliondoka mezani macho yamejaa maji.

Kesho yake, Fengxian alikuja kununua samaki. Fengxian ana duka la kahawa karibu na soko. Mumewe ni Mkorea, na wana mapacha. Mwanamke huyo haongei, anamwaga maneno kama bomba lililopasuka.

"Leo Mama Yu umenuna! Samaki wamekukosea nini?"

Yu Kanla akamweleza yote. Hakuwa na mpango wa kueleza, lakini yalimtoka. Mwisho akasema, "Basi wanakwenda na ile pasipoti ya Thailand. Mtoto anatoka kwetu kama mgeni."

"Na pasipoti ya Thailand peke yake?" Fengxian alipiga makofi. "Watarudishwa! Mama Yu, mimi yalinikuta. Tulikwenda uwanja wa ndege, masanduku matano, mapacha wamevaa kofia mpya. Nikatoa pasipoti zao za Korea kama malkia. Afisa akatafuta, akatafuta. Akaniuliza, hawa watoto waliingia China lini? Nikamwambia hawakuingia, walizaliwa. Mama yao? Mimi hapa, Mchina. Akasema, basi hawa kwetu ni Wachina, hawawezi kutoka kwa karatasi hii peke yake. Ndege ikaruka, sisi tunaitazama! Mume wangu alinung'unika kwa Kikorea siku tatu. Bahati yangu sikielewi vizuri."

Yu Kanla alisahau kugeuza samaki. "Umesema kwao ni nani?"

"Wachina! Sheria ndivyo ilivyo. Mtoto akizaliwa hapa China, na baba au mama yake ni Mchina, China inamhesabu Mchina. Haijali kama ana pasipoti nyingine. Tena viza ya China haiwekwi kwenye pasipoti ile, maana viza ni ya mgeni. Noi si mgeni."

"Noi si mgeni," Yu Kanla alirudia polepole.

"Hata kidogo. Kuna hati yake maalumu ya kutoka na kuingia nchini. Inaombwa kwenye ofisi ya polisi ya uhamiaji, hapahapa mjini. Atasafiri na vyote viwili. Hati anaonyesha huku, pasipoti ya Thailand anaonyesha kule. Lakini lazima wapeleke kitabu cha kaya. Mwambie Ai Han asinunue tiketi kwanza." Akainua samaki wake. "Huyu ameungua, Mama Yu. Nipunguzie bei."

Fengxian akaenda zake. Yu Kanla akabaki na mkaa wake na mawazo yake.

Sasa alijua jambo ambalo mwanawe na mkwewe hawakulijua. Na wazo baya likamjia. Kama angenyamaza tu? Wangekwenda uwanja wa ndege, wangerudishwa, na Noi angebaki. Hangekuwa amesema uongo. Angekuwa amefunga mdomo tu. Mchana kutwa alilichambua wazo hilo kama mchele, na kila alipolichambua aliliona zuri.

Jioni alirudi nyumbani. Saengduan alikuwa jikoni. Noi alikuwa peke yake ukumbini, ameegemeza simu kwenye chupa ya siki. Kwenye simu alionekana mwanamke mwenye mvi, amevaa blauzi ya nyumbani. Kwa kawaida simu hiyo ikiita, Yu Kanla hutoka nje kulisha kuku. Siku hiyo alisimama mlangoni, kikapu mkononi.

"Noi, nimekufulia shuka," Bunpan alikuwa akisema. "Nimelianika juani linukie vizuri. Utalala upande gani, wa ukutani au wa dirishani?"

"Wa dirishani!"

"Basi mimi nitalala ukutani. Lakini usinipige mateke. Miguu yangu mibovu."

"Sitakupiga. Ila nikiota."

Bunpan alicheka sana. Kisha akaleta uso karibu na simu, mpaka likaonekana paji tu. "Niguse hapa," alisema. Noi akaweka kidole kwenye kioo. Bibi yule akafumba macho, akakaa hivyohivyo.

Yu Kanla alielewa kila neno. Kithai cha kaskazini na Kidai, lugha ya kabila lake, ni kama ndugu wa tumbo moja. Hakuwahi kukaa asikilize. Alitazama kile kidole kidogo juu ya kioo, akaona haya.

Alikwenda jikoni. Saengduan alikuwa akikata majani ya vitunguu na hakugeuka.

"Mmenunua tiketi?" Yu Kanla aliuliza.

"Ai Han atanunua kesho."

"Asinunue."

"Mama, tafadhali, tusianze tena..."

"Nisikilize, mwanangu. Mtarudishwa mkifika uwanja wa ndege." Akamweleza yote aliyosema Fengxian, mpaka zile kofia mpya za mapacha. Alipomaliza, alifungua ufunguo kiunoni. "Twende ofisini. Ila kitabu nitakibeba mimi."

Saengduan aliacha kisu. Alimkumbatia mama mkwe wake kwa mikono yenye vitunguu, na wote wawili wakatokwa machozi, wakavisingizia vitunguu.

Kesho yake walikwenda ofisini wote wanne. Afisa wa dirishani alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeteremka puani. Alipokea karatasi moja baada ya nyingine: cheti cha kuzaliwa cha Noi, cheti cha ndoa, kitambulisho cha Ai Han, pasipoti ya Saengduan, pasipoti ya Thailand ya Noi, na picha.

"Na kitabu cha kaya?"

Yu Kanla alikitoa kifuani. Afisa akakishika. Yu Kanla naye hakukiachia.

"Bibi, niachie kidogo. Nitakurudishia."

"Hutalifuta jina la mtu?"

"Sifuti, Bibi."

"Niangalie machoni."

Afisa akavua miwani, akamwangalia machoni. Ai Han alijifunika uso kwa aibu. "Bibi," afisa alisema, "kuomba hati hii hakumwondoi mjukuu wako kwenye kitabu. Tunampa kwa sababu tunamhesabu Mchina. Angekuwa mgeni, tusingempa."

Yu Kanla akaachia.

"Sasa wazazi, nisikilizeni," afisa aliendelea. "China haitambui uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo hapa Noi ni Mchina tu, hata kama Thailand nao wanamhesabu wa kwao. Mkitoka na mkirudi, kwetu mtaonyesha hati hii. Mkifika Thailand, mtaonyesha pasipoti ya Thailand. Msifiche hata kimoja. Mhudumu wa shirika la ndege akiuliza, mwonyesheni vyote."

"Na tukitaka kukaa kule zaidi?" Saengduan aliuliza.

"Swali zuri. Hati ina mwisho wake, umeandikwa ndani. Tazameni tarehe hiyo kabla hamjaondoka. Ikiisha mkiwa kule, nendeni ubalozi wa China au ubalozi wake mdogo, muombe hati ya kusafiria ya kumrudisha mtoto. Msije uwanjani bila kitu mkitegemea huruma. Tena masharti hubadilika. Kila mnapotaka kusafiri, ulizeni kwanza, ndipo mnunue tiketi."

"Mke wa rafiki yangu alizaa Thailand," Ai Han alisema. "Rafiki yangu ni Mchina. Mtoto huyo naye aje kuomba hapa?"

"Huyo aanzie ubalozi wa China kule alikozaliwa. Wataangalia kama baba yake ameshahamia Thailand kabisa, au anaishi huko kwa muda tu. Majibu hayafanani. Asikisie, aulize."

Noi alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, kidevu juu ya mbao. "Mimi nitaonyesha mwenyewe," alisema.

"Utaonyesha mwenyewe," afisa akakubali. "Na wewe Bibi, huendi?"

Yu Kanla alicheka. "Mimi? Nikafanye nini? Nani atachoma samaki?"

"Samaki watapumzika, Mama," Saengduan alisema. "Twende wote. Nakuomba."

Yu Kanla alitafuta sababu ya kukataa. Hakuipata. Siku hiyohiyo akapigwa picha ya pasipoti, amekaza uso kama anagombezwa.

Hati ya Noi ilitoka kabla ya sikukuu. Uwanjani, Noi aliinuliwa na baba yake, akamkabidhi afisa hati na pasipoti, kimoja kila mkono. Afisa akasoma, akagonga muhuri, akamwambia, "Safari njema." Basi, ikawa hivyo tu. Hakuna aliyerudishwa, hakuna aliyelia. Aliyetetemeka ni Yu Kanla peke yake, na hiyo ni kwa sababu ya ndege. Alimshika Noi mkono mpaka Chiang Mai, akidai anamzuia mtoto asiogope.

Kutoka Chiang Mai mpaka Lamphun si mbali. Bunpan alikuwa amewekewa kiti langoni tangu asubuhi, chini ya mti wa matunda ya longani. Gari liliposimama, Noi alishuka, akasimama. Bibi wa kwenye simu alikuwa mkubwa kuliko alivyodhani.

"Noi," Bunpan aliita.

Mtoto akakimbia. Bunpan alimpokea, akamnusa nywele, akamnusa shavu, akamshika masikio, akahesabu vidole vyake kana kwamba huenda simu ilimpunja kimoja. Alicheka na kulia kwa pamoja. Saengduan alipiga magoti mbele ya mama yake, akalaza kichwa mapajani mwake.

Kisha Bunpan akamwona Yu Kanla aliyesimama nyuma na mkoba wake.

"Dada," alisema, "wewe ndiye uliyemlea mpaka akawa hivi?"

"Ni mimi. Anachagua chakula. Hilo si kosa langu."

"Ni la Saengduan! Alikuwa vilevile!"

Walicheka. Toka hapo walikuwa hawatengani. Walibishana juu ya pilipili, mmoja akitaka ichomwe, mwingine akitaka itwangwe mbichi. Siku ya maji walimwagiana mbele ya watoto wa mtaa mzima. Yu Kanla alitumia ndoo, Bunpan alitumia mpira wa kumwagilia maua akiwa amekaa kwenye kiti chake, na aliyeshinda ni Bunpan. Noi alipita katikati yao akipiga kelele, ameloa kuanzia nywele mpaka nyayo. Baadaye Bunpan alimfunga uzi mweupe kifundoni mwa mkono, akamwombea afya. Akamfunga na Yu Kanla.

Jioni ya mwisho waliketi nje, Noi amelala kwenye mapaja mawili, kichwa huku, miguu kule.

"Nimepata daktari wa miguu," Bunpan alisema. "Akinitengeneza, nakuja Jinghong. Nataka kuwaonja hao samaki unaojisifia. Lakini naogopa mambo ya karatasi. Nitahitaji hati kama ya Noi?"

Yu Kanla alijiweka sawa kitini. Alikohoa kidogo, kama yule afisa wa dirishani.

"Hapana, dada. Hiyo si yako," alisema. "Wewe ni mgeni, utakuja na pasipoti yako ya Thailand. Muulize Saengduan kwanza kama siku hizo viza inatakiwa, maana masharti hubadilika. Noi ndiye anayehitaji vitu viwili. Yeye ana kwao kuwili."

Bunpan alimfunika mtoto miguu kwa shuka. "Na wewe ukija tena?"

"Mimi nina pasipoti, haijajaa bado," Yu Kanla alisema. "Nitakuja mpaka ijae."