Kijiti cha Kibonge

Mtaani walimwita Chapuchapu, kwa kuwa kazi zake zote alizifanya mbiombio. Na angefanyaje? Tangu mlipuko wa homa uanze, mama yake, mtaalamu wa maabara, alikuwa akirudi nyumbani macho mekundu, akila amesimama. Kupika, kufua na kumlea mdogo wake, Kibonge, vyote vilimwangukia yeye.

Siku Kibonge alipoamka na homa, Chapuchapu alimbeba mgongoni hadi zahanati. Foleni ilifika barabarani. Muuguzi, sauti imemkauka, alimpa kichupa na kijiti chenye pamba.

"Kiingize puani mwake, kizungushe taratibu, kisha kitie humu. Kuna aina mbili za kirusi. Moja huisha kwa maji na mapumziko. Nyingine hushuka mapafuni, na dawa yake ni chache. Daktari haitoi mpaka maabara itambue ni aina gani."

Kibonge alipokiona kijiti, lo! Alipiga mayowe, akarusha mateke. Chapuchapu alijaribu, akajaribu tena. Mgongo ulimuuma, na watu nyuma yake walianza kunung'unika. Akageukia ukutani, akakizungusha kijiti katika pua yake mwenyewe, akakitumbukiza kichupani. "Pua ni pua," alijisemea. Alikuwa amechoka, jamani.

Kesho yake jioni mama alirudi, akavua viatu na kujitupa kitini.

"Tumetafuta vinasaba vya kirusi kwenye sampuli ya Kibonge. Hakuna kirusi, si hiki wala kile. Daktari anasema ni mafua tu."

Kibonge alikuwa kitandani, kifua kikipanda na kushuka kwa shida. Chapuchapu alimtazama. Akinyamaza, mdogo wake hapati dawa. Akisema, atamwambiaje mama aliyechoka vile?

"Mama, nisamehe. Ile ilikuwa pua yangu."

Mama hakugomba. Alishusha pumzi, akavaa tena viatu vyake, akambeba Kibonge. Kwenye zahanati walimshika wote wawili, mama kichwa, Chapuchapu miguu, na muuguzi akachukua sampuli. Wakasubiri kwenye benchi, wakisinzia kwa zamu. Jibu likaja: ni ile ya mapafuni. Dawa ikatolewa papo hapo.

Siku Kibonge alipoomba kuongezewa chakula, mama alimwita binti yake.

"Mwanangu, kuchoka si kosa. Mimi mwenyewe nimechoka hadi kwenye mifupa. Lakini ile mashine ya maabara haina macho. Inasoma kile tu tunachokitia ndani. Ukiipa uongo, itakurudishia uongo, na atakayeumia ni mgonjwa. Ukishindwa, sema umeshindwa, utasaidiwa."

"Nilidhani utanifokea, mama."

"Nitakufokea nikishalala," mama alijibu, akiwa amekwisha kufumba macho.

Chapuchapu akachukua vyombo akaenda kuviosha. Siku hiyo aliviosha polepole, kimoja kimoja, asije akamwamsha.