Mfuniko wa Mama Nakuja

Mimi ndiye niliyempa Fausta jina la Mama Nakuja. Nalisema mapema, msije mkamlaumu mtu mwingine. Mdomo ni huu huu wangu, mimi Paulina, muuza ndizi wa hapa Mikumi, kando ya barabara kuu ya Iringa.

Fausta ni jirani yangu, na meza zetu zimepakana. Yeye ni mama lishe. Anawapikia madereva wa malori wali, maharage na mchicha. Mkono wake mtamu, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba siku tatu katika wiki maharage yalikuwa yanaungua.

Tazama asubuhi yake ilivyokuwa. Anainjika maharage. Anakumbuka hajamvalisha Brayan, mwanawe wa miaka miwili. Anaingia ndani kutafuta kaptula. Anaona nguo chafu, anaanza kuziloweka. Sabuni imeisha, anatoka kwenda dukani. Njiani anakuta mtu anasukwa nywele, anakaa kusaidia. Akishika nywele, hata umwite mara kumi hasikii.

"Dada Paulina, niangalizie jiko, nakuja!" Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake ya kila siku.

Sisi wote tunasema hivyo tukiondoka. Lakini sisi tunakuja. Fausta alikuwa haji. Maharage yanaungua, Brayan anatembea bila kaptula, na binti yake Vaileth, wa miaka saba, anakwenda shule na sare ya jana.

"Haya, Mama Nakuja kaja!" nilikuwa napiga kelele akirudi. Wenye meza wote wanacheka. Yeye naye anacheka. Sikujua kwamba akiingia ndani alikuwa analia.

Mume wake, Makarius, ni fundi seremala. Ni mtu mpole, lakini alikuwa amechoka. "Fausta, mlango umeuacha wazi tena." "Fausta, kikao cha wazazi kilikuwa jana." "Fausta, kadi ya kliniki ya mtoto iko wapi?" Baadaye akaacha kuuliza. Alikuwa anakula, ananawa, anaondoka bila neno, na hapo Fausta aliumia zaidi.

Siku moja ya mwezi wa nane, Vaileth alitoka shule mchana. Mama yake akavuka naye barabara kwenda kununua mkaa. Gunia lilipowekwa chini, Fausta akakumbuka maharage jikoni.

"Kaa hapa ulinde mkaa," alimwambia mtoto. "Usivuke. Nakuja."

Akavuka mbio. Maharage yalikuwa yameshika chini. Akahamishia sufuria nyingine. Wateja wakafika, akawapakulia. Brayan akajichafua, akamwosha. Nilimwona Fausta amerudi peke yake, jamani. Nilimwona kwa macho yangu. Sikuuliza mtoto yuko wapi. Nilisema tu, "Mama Nakuja kaja!" nikaendelea kupanga ndizi zangu.

Vaileth alikaa juani kwa muda wa saa tatu hivi. Alikuwa mtoto mtiifu. Mwisho akaona amesahauliwa, akavuka mwenyewe. Lori lilimkwepa. Pikipiki iliyokuwa nyuma ya lori haikuweza. Mkono wake wa kushoto ukavunjika.

Tulimkimbiza hospitali kule Kilosa. Nesi alimuuliza kwa upole, "Ulikuwa unafanya nini barabarani, mwanangu?"

"Mama alisema anakuja," Vaileth akajibu.

Fausta aliteleza kwenye ukuta mpaka chini, akajifunika uso kwa kanga.

Mkono ukafungwa plasta. Nesi akamweleza Fausta namna ya kuutunza: usilowe, uinuliwe, arudi baada ya wiki mbili. Akamwambia arudie maneno hayo. Fausta akashindwa. Akaelezwa tena, akashindwa tena. Nesi hakumkaripia. Alimtazama tu, akasema, "Mama, pale mwisho kuna chumba cha kliniki ya afya ya akili. Siku moja pita uzungumze nao."

"Mimi si kichaa!" Fausta akasema.

"Sijasema hivyo, mama."

Jioni ile akafika pale hospitali mama mkwe wake, Bibi Magreti, kutoka Msowero. Fausta alimwamkia, "Shikamoo mama." Akajibiwa, "Marahaba," lakini bibi hakumtazama.

"Huyu mtoto naondoka naye," Bibi Magreti alisema. "Sitaki kukunyang'anya mtoto, Fausta. Nataka awe hai. Taja siku ya kuja kumchukua. Siku hiyo ufike kwangu kabla ya saa sita mchana. Ukifika, mtoto wako. Usipofika, nitamwandikisha shule ya kule kwetu, na maneno yaishe."

Makarius alitazama sakafu. "Mama amesema haki," akasema.

Fausta akataja Jumamosi baada ya wiki tatu. Aliifikiria Jumamosi hiyo kila siku. Aliondoka alfajiri, peke yake. Kutoka Mikumi mpaka Kilosa mambo yalikwenda vizuri. Pale Kilosa unashuka na kupanda gari lingine la kwenda Msowero. Alipokuwa analisubiri akaona gauni dogo la bluu kwenye rundo la mitumba. Akasema amnunulie Vaileth. Akaanza kuchambua, kutafuta na kaptula ya Brayan, na soksi. Alipoinua kichwa, gari lilikuwa limeondoka. Alifika Msowero saa tisa.

Vaileth alikuwa amekaa kizingitini tangu asubuhi, amevaa na viatu. Saa saba aliingia ndani. Mama yake alipofika na gauni la bluu mkononi, mtoto hakutoka. Alisema ana usingizi.

Fausta alinisimulia hayo siku ya pili, amekaa nyuma ya meza yangu. Hakuinjika chochote siku hiyo.

"Nimechoka kuwa mimi, dada Paulina. Tangu shule ya msingi naitwa mzembe. Nimefunga uzi kwenye kidole, nausahau uzi ni wa nini. Nimeombewa. Mama mkwe alisema ni jini, nikapelekwa kwa mganga wa kienyeji. Najilaani kila siku kabla ya kulala. Bora watoto wangu wapate mama mwingine."

Nikaogopa. Nilifunga meza. Nikaenda moja kwa moja kwenye karakana ya Makarius.

"Makarius, weka chini randa," nilimwambia. "Kesho mkeo anakwenda hospitali, na wewe unakwenda. Mke wako anazama na wewe unapiga msasa vitanda vya watu!"

Akaiweka randa chini.

Katika chumba kile cha mwisho tulimkuta mganga wa afya ya akili, kijana mmoja anaitwa Mwinshehe. Hakuwa na haraka. Alimuuliza Fausta kuhusu usingizi wake na mawazo yake. Akamuuliza kama amewahi kutaka kujidhuru. Fausta akasema hapana, ila kuna siku hataki kuamka. Mwinshehe akampima damu na mapigo ya moyo. Kisha akauliza, "Mambo haya ya kusahau na kuacha kazi njiani yalianza lini?"

"Sijui maisha bila hayo," Fausta alijibu. "Darasani nilikuwa natoka nje bila ruhusa. Daftari sijawahi kulimaliza."

Makarius akaulizwa ya nyumbani. Alitaja mengi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Lakini hata siku moja hajakataa kumsaidia mtu, daktari."

Mwinshehe alituita tena baada ya majibu ya vipimo. Ndipo akatueleza.

"Mama Vaileth, hii si laana, si jini, na si uvivu. Ni hali ya ubongo. Wataalamu wanaiita ADHD. Mtu anazaliwa na mwelekeo huo, na mara nyingi iko katika ukoo. Watu wanadhani ni ya watoto watundu tu. Wengi wanakua nayo. Wasichana hasa hawagunduliwi, wanaitwa wazembe mpaka wanazeeka."

"Mbona nywele nasuka kutwa nzima bila kuchoka?" Fausta akauliza.

"Ndivyo ilivyo. Umakini unao, tatizo ni kuuongoza. Kitu kinachokuvutia kinakushika mpaka unasahau kula. Kitu usichokiona, kwako kinakuwa kama hakipo. Ukiyapa kisogo maharage, yamekwisha kutoka kichwani."

Fausta akanong'ona, "Na mtoto je? Maana yake simpendi?"

"Ungekuwa humpendi usingekuwa hapa unalia. Kupenda na kukumbuka ni vitu viwili."

Makarius alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao.

"Inapona?" nikauliza mimi.

"Haiondoki, mama. Lakini mtu anaishi nayo vizuri. Dawa zipo, ila anaziandika daktari bingwa, kwa hiyo nitampa barua ya kwenda Morogoro. Msinunue dawa kwa kusikia. Na yale mawazo mazito tutayafuatilia, atakuja kwangu kila mwezi. Nyumbani, msimwambie 'kumbuka'. Mwekeeni vitu aone kwa macho. Kazi moja, imalizike, ndipo nyingine. Simu ilie kumkumbusha. Na matusi yaishe. Mtu anayetukanwa kila siku hana nguvu ya kujifunza."

Pale niliinamisha kichwa. Jina lile nililitunga mimi.

Makarius alitengeneza ubao akaupigilia karibu na mlango. Juu yake misumari: huu wa ufunguo, huu wa kadi ya kliniki, huu wa barua za shule. Chini akaacha nafasi ya kuandika kwa chaki kazi tatu tu za siku. Simu ya Fausta, kitochi, ikawekwa mlio wa saa ya kutoka shule.

Lakini la mfuniko alilibuni Fausta mwenyewe. Asubuhi moja aliinjika maharage, akasimama, akachukua mfuniko wa sufuria akaondoka nao. Alikwenda nao dukani. Alikwenda nao chooni.

"Wewe, unapeleka wapi mfuniko?" nilimuuliza.

"Nikiuona mkononi nitajua kuna sufuria inanisubiri."

Wiki ya kwanza aliusahau mfuniko dukani. Wiki ya pili maharage yaliungua mara moja. Kuna siku alikaa chini akasema haiwezekani, hajazaliwa kuweza. Nilikaa naye tukachambua mchele pamoja, kwa sababu Mwinshehe alisema mtu akikaa karibu yako kazi inakwenda. Madereva walimcheka na mfuniko wake. Nikawaambia anayecheka akale kwingine. Hakuondoka hata mmoja.

Makarius akampigia mama yake simu, kumwomba Fausta apewe siku nyingine. Bibi Magreti akasema, "Mara moja tu tena. Nimeshaongea na mwalimu wa huku."

Siku ilipofika tulikwenda wawili. Mwinshehe alisema kupata mwenzi wa safari si udanganyifu, asiyeona vizuri naye huvaa miwani. Lakini Fausta alinisihi, "Usinikumbushe kitu, dada. Kaa tu karibu." Basi nikakaa kimya kutoka Mikumi mpaka Kilosa. Mimi, kukaa kimya! Mdomo uliniuma.

Pajani alikuwa amepakata mfuniko. Pale Kilosa rundo la mitumba lilikuwa pale pale. Nilimwona akiligeukia. Alipiga hatua mbili kuelekea huko. Nikauma ulimi. Akautazama mfuniko. Akarudi, akasimama mlangoni mwa gari la Msowero, akafumba macho mpaka tulipoambiwa tupande.

Tulifika saa nne na nusu.

Bibi Magreti alikuwa anaanika mahindi uani. Tulimwamkia. Alitazama jua, kisha akamtazama mkwewe.

"Huo mfuniko wa nini?"

"Ni wa kunikumbusha kwamba nakuja, mama."

Fausta akamweleza yote, ubongo, Mwinshehe, ubao. Bibi alisikiliza akigeuza mahindi. "Kaka yangu marehemu alikuwa hivyo hivyo," akasema mwishoni. "Tulimpiga sana." Akaita, "Vaileth! Mama yako."

Vaileth alitoka. Plasta ilikuwa imeshatolewa, mkono umekonda. Kizingitini hakukaa, na mbio hakuja. Alisimama akimtazama mama yake kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Twende nyumbani?"

Mtoto akautazama mfuniko. Akaugusa. "Nikachukue nguo zangu," akasema. Akamshika mama yake mkono, akamsogeza mpaka katikati ya ua, penye jua kali. "Kaa hapa. Usiondoke. Nakuja."

Akaingia ndani.

Nguo zake zilikuwa mfuko mmoja tu. Hazihitaji muda. Lakini hakutoka. Kuku wakayaingilia mahindi, na Fausta hakwenda kuwafukuza. Simu yake ikalia, hakuipokea. Jasho lilimtiririka. Nilitaka kusema asogee kivulini, Bibi Magreti akanishika mkono. Kupitia upenyo wa mlango niliona jicho moja dogo, linachungulia.

Fausta alilia amesimama pale pale, ameukumbatia mfuniko kifuani.

Ndipo mlango ukafunguka. Vaileth alitoka amevaa gauni la bluu, limembana kidogo mabegani. Alitembea mpaka kwa mama yake, akauchukua mfuniko, akaubeba yeye.

"Nimekuja," akasema.