Mshale wa Manyoya Laini

Jua lilikuwa linazama nilipofika kwa mzee Romanus kuchukua mishale miwili. Nguruwe pori alikuwa anafukua mihogo ya marehemu mke wangu, Gaudiosa, katika shamba letu lililo kati ya Mbaha na Lundo. Alikuwa amekuja jioni tatu mfululizo. Sikuwa na nia nyingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Keti. Vyuma viko tayari."

Vilikuwa na upana wa vidole vitatu, vimefuliwa kutoka springi ya lori la makaa ya mawe lililoharibikia njia ya Ngaka. Yalibaki manyoya ya mkiani. Mzee Romanus hafungi manyoya mpaka mwenye mshale ayachague mwenyewe.

Alitandaza mafungu mawili juu ya gunia. La kwanza lilikuwa la manyoya ya kanga, magumu, yenye madoa. La pili lilikuwa la kahawia, na kingo zake zilikuwa laini kama nywele za mtoto mchanga.

"Hayo ya bundi achana nayo," alisema. "Chukua ya kanga. Chuma kipana kinashika upepo huku mbele, kinataka kuongoza chenyewe. Mkiani lazima pawe na unyoya mgumu wa kukibishia. Manyoya matatu, yote ya bawa moja, tuyapinde kidogo ili mshale uzunguke. Laini hayawezi kazi hiyo."

"Ya kanga yana kelele."

Alicheka. "Nguruwe akisikia unyoya, chuma kimeshafika. Chuo kikuu hawakuwafundisha hilo?"

"Basi ya bundi ni ya nini?"

Akaacha kucheka.

"Ni ya kile kinachokuja kimevaa ngozi ya nguruwe. Anayekiwinda hahitaji shabaha. Wazee walisema manyoya yenyewe yanajua pa kwenda. Mimi sijawahi kumfungia mtu."

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Gaudiosa alikufa mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa figo. Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni mwangu pale msibani, kaka yangu Joakim aliposimama akasema kwamba Hildegardi, mama mkwe wangu, amemla mwanawe. Watu wote wakanigeukia mimi, msomi wao. Nilihisi karatasi ile kifuani.

Sikuitoa.

Mama wa watu akafukuzwa arudi kwao Lundo, akakatazwa kukanyaga Mbaha, hata kaburini kwa mtoto wake. Nguruwe alipoanza kuja, majirani walininong'oneza kwamba huyo ni mkwe wako, mwalimu. Mimi nilikuwa nawacheka.

Nilinyoosha kidole.

"Ya bundi."

"Mwalimu…"

"Yako kimya, mzee. Ni hilo tu."

Alifunga manyoya matatu kwa kila mshale. Nilipoaga, hakuinua uso.

* * *

Jioni iliyofuata nilijificha nyuma ya kichuguu ukingoni mwa shamba. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Upepo wa ziwani ulinijia usoni, ukaniletea harufu ya udongo uliofukuliwa, kisha harufu kali ya nguruwe.

Kisha nyingine. Moshi wa jikoni.

Kwa… kwa… kwa…

Kitu kilikuwa kinachimba. Nguruwe hufukua kwa pua, ovyo. Mapigo haya yalikuwa sawasawa. Niliona mgongo mweusi, umeinama katikati ya mihogo. Nilihesabu mapigo saba. Neno moja lingetosha. Ningeita tu: nani?

Sikuita.

Niliachia uzi wa upinde. Mshale haukutoa sauti yoyote. Niliuona ukikengeuka kushoto, mbali kabisa na ule mgongo, kama mzee alivyonionya. Nikashusha pumzi. Nakiri kwamba nilifurahi.

Halafu nikasikia chuma kikiingia kwenye nyama.

Mguno mmoja. Ulibanwa, kama wa mtu anayejiziba mdomo.

Nikainuka.

Nilipofika pale, kwato zilikuwa zimejichora vizuri kwenye udongo. Damu ilikuwa kwenye majani. Mshale haukuwapo. Na pembeni ya kwato zile matuta matatu yalikuwa yamepaliliwa, udongo umerudishiwa kwenye mashina kwa uangalifu.

Sikuifuata damu. Nilirudi nyumbani nikafunga mlango.

* * *

Asubuhi Joakim alikuja na pikipiki yake.

"Umesikia? Mkwe wako ameumia paja. Anasema eti jembe lilimteleza." Akacheka. "Jembe! Nasi tulikuona juzi ukitoka kwa mzee Romanus na mishale. Panda twende Lundo, ukaangalie wewe mwenye hadubini. Ukisema ni jembe, nitampigia magoti mbele ya kanisa zima. Ukisema ni mshale, vijana wanajua la kufanya na nyumba yake."

Alibaki nje. Mimi niliingia.

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake. Kwa miaka kumi na moja nilimjua kwa sauti tu. Niliketi kwenye kigoda, uso ukutani, yeye nyuma yangu kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula.

"Matuta ya mwanangu yalikuwa yamemezwa na majani," alisema kwa kunong'ona. "Nikasema nije kwa siri jua likizama, watu wasinione. Nikamkuta mnyama. Hakunikimbia, baba. Mimi napalilia, yeye anakula, tuko pamoja. Siku ya nne hiyo."

"Ndiyo, mama."

"Jana kitu kilipita. Hakikuvuma. Nikashtuka, nikajikata. Au kilinipata mimi… Giza lilikuwa limeingia, sijui. Yeye aliondoka, nami nikaondoka."

Nyuma yangu kitu kigumu kiligusa sakafu. Tok… Tok… Labda ni mkongojo.

"Leo ukwe nimeuweka kando," alisema. "Geuka uangalie. Umesoma, kidonda cha jembe utakijua. Sikuombi unitetee. Sema utakachokiona, basi."

Nikasikia khanga ikifunguliwa. Harufu ya moshi wa jikoni ikanifikia. Nyuma yake ilikuwapo nyingine, nzito, ya matope na manyoya mabichi… Ukutani mbele yangu kulikuwa na ufa mwembamba. Niliufuata kwa macho kutoka juu hadi chini. Kama ni jembe, ningelazimika kumtetea mbele za watu, na kutoa ile karatasi niliyoificha msibani. Kama ni chuma, mkono uliompiga ni wangu. Na kama si kidonda cha mtu…

"Umeona?"

"Nimeona, mama."

Sikuwa nimegeuka. Yeye alikuwa anakiona kisogo changu.

 Nikasikia akijifunga khanga tena, taratibu.

"Nenda, baba," alisema. "Usichelewe njiani."

Nje, Joakim alikuwa ameketi juu ya pikipiki, na vijana wawili wa Mbaha walikuwa wamemfikia.

"Enhe, mwalimu. Jembe au mshale?"

Walisubiri wote watatu. Nilijua yeye ndani alikuwa anasikia.

"Mkwe hatazamwi," nilisema. "Ni heshima."

Joakim aliwatazama wenzake. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi si jembe. Tumeelewa," alisema, akawasha pikipiki.

Nikapanda nyuma yake.