Binti wa Haji Mir Zaman

"Wamemvisha pete Zarghuna."

Jandad alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye kreni kazini kwake Sharjah, Uarabuni, kofia ngumu bado kichwani. Alidhani simu inakwaruza.

"Nani?"

"Dada yangu! Mama yako kaja na shali na pete, wanawake wakapiga dufu, akavishwa Zarghuna. Mimi nilikuwa namimina chai."

"Lakini nilimwambia mama nakutaka wewe!"

"Ulimwambiaje? Ulinitaja jina?"

Jandad alivua kofia ngumu.

"Jandad, ulinitaja?"

"Wajomba walikuwa pale, wanasikiliza simu. Nilisema binti wa Haji Mir Zaman."

"Haji ana mabinti wawili, wewe mwanamume!"

Kosa kama hilo tunaliweza sisi Wakhattak wa Karak, kule Pakistani. Mwanamume kwetu anatamba na jina la ukoo mpaka analichora kwenye lori. Mwanamke ni binti wa fulani, halafu mke wa fulani, halafu mama wa fulani, na kumtaja mbele ya wanaume ni aibu. Mama Jandad alisikia "binti", akamposa mkubwa, kwa kuwa mkubwa ndiye hutangulia.

Jioni ujumbe ukaingia: "Miaka yote hii unaniita 'wewe', 'sikia', 'mpenzi'. Jina langu sijalisikia kinywani mwako hata siku moja. Nimechoka kulisubiri."

Jandad akaandika jibu, akafuta, akaandika, akafuta. Kesho yake aliomba likizo, akapanda ndege.

Barazani kwa Haji Mir Zaman wanaume walikuwa wanakunywa chai ya kijani. Nyuma ya ukuta, uani, mabinti wote wawili walikuwa wametega masikio.

"Karibu, mkwe!" Haji alichangamka. "Mbona ghafla?"

"Haji, posa imekosewa. Ninayemtaka ni Wagma."

Vikombe vilitulia. Mzee mmoja akasema, "Toba!" Haji alisimama, uso umemwiva.

"Jina la binti yangu umelipata wapi?"

Uani, Wagma alishika mdomo. Zile simu zao za siri zikitajwa tu wamekwisha, yeye ni wa kufungiwa ndani na Jandad ni wa risasi.

"Kwako, Haji."

"Kwangu?"

"Tulikuwa watoto, tunacheza hapo njiani. Jua likizama unapanda darini, juu ya nyumba, unaita, 'Wagma! Wagma, mwanangu, rudi!' Mtaa mzima tunasikia. Alipokua ukaacha kuita. Mimi sikuacha kusikia."

Haji alikaa chini taratibu, akajifuta uso kwa ncha ya kilemba.

"Nilikuwa na sauti siku hizo," alisema.

"Ulikuwa nayo," alidakia yule mzee wa toba. "Mpaka mbuzi wangu walikuwa wanarudi nyumbani."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata. Haji akajikuta anacheka na macho yamemlowa. "Basi pete ihamie kwa mdogo," alisema.

Uani, Zarghuna alikuwa anavua pete.

"Chukua. Na masikio yake yale, nani alimtaka? Ila shali sirudishi."

"Dada, nisamehe."

"Niache, utaniliza bure." Lakini alikuwa ameshaanza kulia, na Wagma akamkumbatia.

Kadi za harusi ziliandikwa kama zote za kwetu: Jandad Khattak na binti wa Haji Mir Zaman. Wagma alisoma moja, akaguna, akaiweka sandukuni.

Siku ya kumchukua bibi harusi, gari likiwa mlangoni, Jandad alimwinamia chini ya ushungi.

"Wagma."

Wagma alikuwa amengoja miaka yote kuitwa naye jina hilo, na bado lilimshtua.

"Sijasikia vizuri. Sema tena."

Kabla hajasema, sauti ya mzee, yenye mikwaruzo, ilitoka darini ikavuka mtaa mzima.

"Wagma! Wagma, mwanangu!"

Neno la kurudi, Haji hakulisema.